Kila Mtu Moja

Jumapili hiyo tulitoka kanisani kabla mahubiri hayajaisha, kwa sababu Ayuma alikuwa anatapika. Ayuma ni binti yangu, ana miaka kumi na mitatu. Tulipofika nyumbani hapa Shieywe, tulikuta kufuli imekatwa na mlango uko wazi kidogo. Mume wangu Willis akanisukuma nyuma, akaingia peke yake. Nikasikia kitu kizito kinaanguka, halafu sauti ya mtu nisiyemjua ikisema, "Pole mzee, pole."

Nikapiga nduru.

Mpaka hapo sioni kosa letu. Mtu ameingia kwako, mtoto yuko mlangoni, na hujui ameshika nini. Willis alimwangusha, akamkalia mgongoni, akamfunga mikono na miguu kwa kamba yangu ya kuanika nguo. Mtu mwenyewe hakuwa na silaha. Kwa gunia lake kulikuwa na redio yetu, pasi, na viatu vya shule vya Ayuma. Kama tungeita polisi wakati huo, nisingekuwa na haya ya kuandika. Nawaandikia akina mama wenzangu kwa sababu ya yale yaliyofuata.

Ploti yetu ina nyumba tisa. Wizi ulipozidi mwaka jana tulifanya mkutano, tukakubaliana kwamba nduru ikilia kila nyumba itoke, na kila mtu ampige mwizi, hata mara moja. Asiyepiga tutajua ni mwenzake. Barasa, anayeangalia ploti kwa niaba ya mwenye nyumba, ndiye alileta sheria hiyo. Mimi nilinyoosha mkono kuikubali. Nilifikiri ni maneno ya mkutano tu.

Sasa watu walikuwa wanarudi kutoka makanisa yao, wamevaa vizuri. "Toeni hiyo takataka nje!" Barasa akasema. Wakamburuta mpaka penye bomba la maji. Barasa akavua koti, akalikunja, akampa mke wake ashike lisichafuke.

"Kila mtu moja!" akaita. "Moja tu! Msisukumane, atawatosha wote!"

Watu wakacheka. Wakapanga laini, ndugu zangu, laini kama ya kupokea sakramenti. Zipporah wa nyumba ya tatu, Biblia iko kwapani, alimpiga kwa kisigino cha kiatu. Halafu akakiangalia kile kisigino, akakipangusa kwa nyasi. "Huyu mbwa amenipaka damu," akasema. Kuna mzee mgonjwa wa miguu, huyo aliletewa kiti ndiyo apige akiwa ameketi. Wakamngojea kwa heshima mpaka akamaliza.

Yule mtu alikuwa amejikojolea. Wakashika pua, wakasema anawachafulia ploti.

"Naitwa Andati," alikuwa anasema. "Mama yangu yuko Mukumu. Mpigieni simu." Hakuna mtu alitaka jina lake.

"Mama Ayuma, bado wewe!" Barasa akaniita. "Nyumba ni yako na hujaonja?"

"Si amefungwa?" nikasema.

"Ndiyo maana ni rahisi!" Wakacheka tena.

Zipporah hakucheka. Aliniangalia kutoka miguu mpaka kichwa. "Ama unamjuanga?"

Nikaingia jikoni, nikachukua mwiko wa kusongea obusuma, ugali wetu, nikampiga nao kichwani. Sikumpiga kwa nguvu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini baada ya huo wangu hakusema tena mambo ya mama yake. Mwiko niliutupa chooni, na mpaka leo nikisonga obusuma najisikia kutapika.

Kicheko kikaisha. Mmoja akasema ameacha mboga kwa moto. Mwingine akasema mtoto wake analia, na hatukusikia mtoto. Milango ikafungwa mmoja mmoja. Tukabaki wanne: Barasa, Willis, mimi, na Ayuma kwa mlango wetu. Ayuma alikuwa ameona yote.

"Willis, sikia," Barasa akasema kwa sauti ya chini. "Huyu akikufa, ni wewe ulimfunga. Nyumba ni yako. Mama, lete kisu."

"Cha nini?"

"Ashike."

Akaniona nimesimama tu, akaenda kujichukulia mwenyewe jikoni kwangu. Akamfungua kamba, akamwekea kisu mkononi, lakini vidole havikushika. Basi akavikunja kimoja kimoja, polepole, vile unavyomfundisha mtoto mdogo kushika kijiko.

"Na msichana aseme huyu alimshika," akaendelea.

"Alimshika wapi?"

"Mama, usinifanye niseme. Tunapasua nguo kidogo tu hapa begani. Hapo hata jaji atakulilia."

Nikamwangalia Willis, nikingoja amfukuze. Willis aliangalia chini. "Mama Ayuma," akasema, "nikienda jela mtakula nini?" Halafu akamgeukia mtoto. "Sema tu, mama. Sema, 'Alinishika, baba akanisaidia.'"

Ayuma akaanza kurudia kwa sauti ndogo, kama mstari wa kukariri shuleni. Alinishika, baba akanisaidia. Barasa akapasua bega la gauni lake la kanisa, akarudi nyuma kuangalia kama linatosha.

Barasa huyohuyo ndiye aliwapigia polisi. Alikuja afande mwanamke, Chepng'etich, na wanaume wawili. Akachuchumaa, akamgusa yule mtu shingoni. "Anapumua. Mpelekeni haraka." Wakambeba. Kisha akamwendea binti yangu. "Haya, mtoto mzuri. Ilikuwaje?"

Ayuma akafungua mdomo. "Alini—"

Nikamziba kwa kiganja.

"Huyo mtu hakumgusa," nikasema. "Kisu ni changu, amewekewa. Mume wangu alimkamata akamfunga, hiyo ilikuwa kujikinga. Halafu tukampiga akiwa amefungwa. Mimi pia nilimpiga."

"Wewe na nani?"

Nikaonyesha milango yote kwa kidole. Barasa akanitemea mate kwa kiatu.

Andati hakufa, lakini jicho moja halioni. Kesi iko kortini, mimi na Willis na wengine saba. Willis anakula chakula changu bila kunisemesha. Jana tu ndiyo alisema, "Ungenyamaza, saa hii ningekuwa shahidi."

Mama mwenye binti, shika hili. Mwizi akiingia, jikinge, piga, funga, lakini ukishafunga simama hapo. Ukiendelea, itabidi ufiche, na wale waliokusaidia kupiga watatafuta mtu wa kujificha nyuma yake. Hawatachagua mtoto wao.

Ayuma alinibishia asubuhi ya leo. Alisema angeweza kusema ule uongo vizuri, bila kulia. "Najua," nikamwambia. "Hiyo ndiyo niliogopa."