Joistiki ya Mkono wa Kushoto

Tangu kiharusi kimlaze mkono wa kulia, mchora mabango hakuwa ameigusa kompyuta yake. Mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushikilia tu karatasi, ulikirusha kipanya huku na huko, na herufi alizotaka zikae sawa zikaishia pembeni mwa kioo. Mwisho akamwambia mkewe mashine iuzwe, kazi imekwisha. Mnunuzi akaahidi kuja Jumamosi.

Mke hakubishana. Alikwenda kwa wifi yake, fundi redio, akammwagia yote. Dada mtu alisikiliza akikuna shingo, kisha akavuta boksi kutoka uvunguni mwa meza na kutoa joistiki aliyochezea gemu na mdogo wake utotoni: kitako cheusi kizito, kijiti kimoja katikati, kitufe chekundu pembeni.

Mkia wake wa waya haukuingia popote kwenye kompyuta. Fundi akaukata, akauchuna, zikachomoza nyaya za rangi rangi. Akafungua kibodi kuukuu iliyomwagikiwa chai, akatoa kadi yake ya ndani, ile inayoiambia kompyuta kitufe gani kimebonyezwa. Akalehemu waya mmoja mmoja, kijiti kikilala kulia kompyuta idhani umebonyezwa mshale wa kulia, na vivyo hivyo pande zote; kitufe chekundu kikapewa kazi ya kukubali. Mke wa mdogo wake alimshikia taa, akimtania kwamba nywele zake zitashika moto kabla ya waya kushika.

Mgonjwa alipoletewa alitabasamu, halafu akanuna. Akasema yeye si mtoto wa kutulizwa kwa mwanasesere. Mkewe akamwekea joistiki mapajani. Mgonjwa akakigeuza kitako kikae upande, akasukuma kijiti kulia. Herufi ikashuka. Akasukuma mbele, ikakimbilia kulia.

"Unaona, dada? Hata hii hainitaki."

Dada yake akainama kumnyooshea, mkono ukasita hewani. Aliona kwa nini kimegeuzwa: kikikaa upande tu, ndipo kidole gumba cha kushoto kinapokifikia kitufe. Yeye alikuwa ameunga nyaya kwa mchezaji mwenye mikono miwili.

"Kaa hivyo hivyo, mdogo wangu. Kosa ni langu, nimekufungia mkono wangu badala ya wako."

Akachora alama ya chaki kuonyesha kitako kilivyolala, akakirudisha mezani, akabandua nyaya na kuzihamisha kila moja mahali pa jirani yake. Chumba kikanuka moshi wa lehemu. Mdogo mtu alitazama pembeni, kama asiyejali.

Safari hii alisukuma kulia, na herufi ikaenda kulia, polepole, hatua kwa hatua. Akaipandisha. Akaishusha kidogo. Akabonyeza kitufe, ikatulia. Akaifuata ya pili, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Bango la muuza viatu, lililokuwa limelala tangu augue, likaanza kusomeka.

Mkewe akauliza taratibu, yule mnunuzi aambiwe asije?

"Mwache aje," alisema bila kuondoa macho kwenye kioo. "Akitaka bango, nitamchorea."