Mguu wa Bibi Gunia

Siku ya mazoezi ya mafuriko, ofisa wa maafa alimpa Bibi Gunia kazi ya majeruhi: alale barazani, mguu eti umevunjika. Mara mto ukafurika kweli. Ofisa akapuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma, lakini majirani wakabaki madirishani wakicheka, wakidhani ni mazoezi yaleyale.

“Bibi, inuka! Haya ni ya kweli!”

Bibi akawatazama majirani, akayatazama maji. “Na mguu huu, mwanangu? Nibebe.”

Ofisa akambeba mgongoni, macho yamemtoka pima kwa uzito wake.

“Jamani, tokeni!” mkwe wa Bibi akapiga yowe dirishani. “Nani angembeba mama mkwe wangu kwa mchezo?”

Mtaa mzima ukakimbilia mlimani. Huko juu, Bibi akateleza chini, akajinyoosha.

“Ahsante, mwanangu. Mguu umepona.”