Nyumba ya Mtoto Mmoja

Wenye nyumba wa Kasoa wana roho mbaya, tusifichane. Kodi ya miaka miwili mbele wanaitaka, watoto hawataki hata kuwasikia. Araba, mjane mwenye watoto watatu, alizunguka mitaa hadi viatu vikalika. Kila palipo na vyumba viwili vya bei anayoiweza anaulizwa, "Una wangapi?" Akijibu, geti linafungwa.

Basi kwa Maame Ekuba akaamua kuongopa. Mapacha, Panyin na Kakra kama waitwavyo mapacha wote kwao, akawaacha kwa bibi yao, mji wa Swedru. Akaenda na kitinda mimba peke yake.

"Huyu tu?" aliuliza Maame Ekuba, akimenya mihogo barazani.

"Huyu tu, Maame."

"Afadhali. Wengine wananiletea watoto kama kumbikumbi. Haya, mrembo, unaitwa nani?"

Mtoto akajibu kwa maringo, "Tawia!"

Lo! Uongo wote ule mtu kaupanga, jina kalisahau! Kisu cha Maame kilisimama.

"Tawia ni anayefuata mapacha, bibie. Mimi si Mzungu wa kuchezewa. Hao mapacha wako wapi?"

Angeweza kusema kweli akaenda zake. Lakini walikokuwa wakikaa walishaambiwa wahame, na mdomo ukishaanza kuongopa haungoji ruhusa.

"Walifariki, Maame. Wote wawili."

Maame Ekuba akatupa kisu, akamkumbatia, akalia kwa sauti. Kumbe naye alizika mwana. Papo hapo akampunguzia kodi. Na kila Jumapili kanisani akawa anawaombea marehemu kwa majina yao, Araba kando yake anaitikia amina. Amina gani hiyo, jamani? Wanawe wako Swedru wanakula kenke!

Likizo ilipofika, bibi akachoka, mapacha wakaletwa. Araba aliwapokea kituoni, akawainamia.

"Kule mimi ni mama mdogo, mmesikia? Mkiniita mama, tunafukuzwa."

Kakra alilia njia nzima.

Maame Ekuba alikuwa getini.

"Ni wa dada yangu, Maame," Araba akawahi kusema.

"Mapacha! Ee Mungu, si utani huo!" Akawashika mashavu. "Wanangu, mpendeni sana mama yenu mdogo. Naye alikuwa na Panyin na Kakra wake, wakafa. Mmenisikia?"

"Ndiyo, bibi," wakaitika pamoja.

Chumbani, mlango ulipofungwa, Araba alipiga magoti akafungua mikono. Moyo ulikuwa unamuuma kwa hamu yao.

"Njooni sasa. Njooni kwa mama."

Hakusogea mtu. Kakra alijificha nyuma ya nduguye. Panyin ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini, asije akasikika nje.

"Mama mdogo, sisi tulikufa kwa ugonjwa gani?"