Suti ya Fundi Ilyasi

Ilyasi alikuwa fundi cherehani wa Gitega. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amewashonea suti mabwana harusi, wachungaji, maofisa na marehemu wawili. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa suti. Siku za kazi alivaa shati la mikono mifupi, siku za sherehe kanzu.

Binti yake Shakira alipoposwa, shangazi wa bwana harusi, mama mmoja aitwaye Kaze, alileta orodha ya mambo ya harusi. Kwenye nikahi wangevaa kanzu. Kwenye karamu, baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi wangevaa suti za bluu iliyokolea. Ilyasi alisema hilo si tatizo.

Tatizo lilikuja aliposhika futi ajipime mwenyewe. Akiinama kusoma namba ya kiuno, kiuno kilibadilika. Akisimama wima, namba haionekani. Mkewe Mukantwari alijaribu kumsaidia, akampima kifua juu ya sweta, akasoma namba ambayo Ilyasi alisema hajawahi kuiona kwa binadamu. Hata hivyo alishona koti. Alipolivaa, Mukantwari alimzunguka mara moja, akamwambia kwamba kwa nyuma anaonekana kama mtu aliyesahau kutoa hanga ndani ya koti.

Mtaani pale fundi mwingine wa suti alikuwa mmoja tu, Munyakazi, mlango wake ng'ambo ya barabara. Hawakuwa wakisemezana kwa miaka tisa, tangu Munyakazi alipomwambia mteja mbele za watu kwamba mikono ya makoti ya Ilyasi hufunika vidole. Kila Ijumaa walikutana msikitini, wakasimama safu tofauti.

Koti lile lilining'inia ukutani siku nne. Siku ya tano alivuka barabara na kitambaa chake mkononi. Alitoa salamu, Munyakazi akaitikia. Ndipo Ilyasi akasema anataka suti.

"Ya nani?"

"Yangu."

Munyakazi hakucheka. Alimpima polepole, akiandika kila namba. Alipofika mabegani alirudia mara mbili.

"Bega lako la kushoto liko chini."

"Haliko chini."

"Ni kwa sababu ya kuinamia cherehani. Mafundi wengi wako hivyo."

Mashati yote aliyojishonea yalikuwa yakivutika upande mmoja, naye Ilyasi miaka yote alilaumu kitambaa.

Siku ya kujaribu suti Ilyasi alisimama mbele ya kioo, koti limejaa pini na alama za chaki, akaanza kueleza jinsi kola inavyotakiwa kukatwa. Munyakazi alitoa pini mdomoni.

"Fundi, hapa wewe ni mteja. Simama sawa."

Ilyasi akasimama sawa. Mikono ya koti iliishia kwenye kifundo cha mkono, ukingo wa shati ukionekana kidogo tu. Aliitazama, akasema ni mizuri. Maneno hayo hayakutoka kwa urahisi.

Kwenye karamu wageni waliisifu suti yake mmoja mmoja, na kila mmoja aliamini Ilyasi ameishona mwenyewe. Watu saba wa kwanza aliwajibu asante. Wa nane alikuwa Mzee Mutsinzi, baba wa bwana harusi, ambaye suti yake ya dukani ilimbana tumboni hata hakuweza kukaa vizuri. Mutsinzi alisema mbele ya meza nzima kwamba wiki ijayo atakuja kwa Ilyasi, amshonee ya namna hiyo hiyo.

Ilyasi alitazama sahani yake.

"Hii si kazi yangu," akasema. "Ni ya Munyakazi. Yule pale, karibu na mlango."

Wiki iliyofuata Mutsinzi alikwenda dukani kwa Munyakazi kushonewa suti, na ndugu zake watatu wakamfuata. Ilyasi aliwaona wakipita mbele ya duka lake, akawasalimia, akaendelea na kazi.

Wiki ya pili Munyakazi alizidiwa. Alivuka barabara, akaomba Ilyasi amshonee suruali za zile suti nne, kabla ya Alhamisi. Ilyasi alizipokea, akamvutia kiti. Kuhusu Alhamisi, alisema haiwezekani. Zitatoka Jumamosi.