Wasifu wa Mtu Asiye na Kitabu

"Irja Salmela anaishi Thunder Bay, ambako anatengeneza nywele. Hii ni riwaya yake ya kwanza."

Irja alimaliza kusoma, akaiweka karatasi mezani, akakunja mikono kifuani. Chumba cha mikutano cha maktaba kilitulia. Ulikuwa utulivu wa wageni walioletewa mchuzi, sasa wanangoja wali.

"Halafu?" aliuliza Desmond Whitcroft.

"Halafu nini?"

"Halafu endelea. Tuzo? Jarida? Hata gazeti la kanisa?"

"Sijachapishwa popote, Desmond. Ulitaka niseme nimechapishwa?"

Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Walikuwa kikundi cha waandishi cha Jumamosi asubuhi, na siku hiyo kila mmoja alikuwa ameleta aya ya mwisho ya barua anayomwandikia wakala wa vitabu, yule anayewatafutia waandishi mchapishaji; ile aya ambayo mwandishi hujieleza yeye ni nani. Wengine walikuwa na la kujivunia: huyu hadithi yake ilitoka jaridani, yule ana shahada ya uandishi, mwingine alivuka nchi nzima kwa baiskeli na kuandika juu ya safari hiyo. Desmond, kiongozi wao, alikuwa na vitabu viwili vya mashairi. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa na ngazi, na yeye alipenda kukaa ile ya juu.

"Nisikilize, dada yangu," alisema kwa upole uliouma kuliko ukali. "Mlango wa wakala hauna kitasa kwa nje. Aliye ndani ndiye anayefungua, na humfungulia mwenye jina. Kiweke kitabu kando kwanza. Andika vihadithi, vitoke hapa na pale, baada ya miaka michache utakuwa na cha kusema."

"Cha kusema ninacho. Kina kurasa mia nne."

"Sizungumzii kitabu. Nazungumzia wewe."

Irja alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Alishuka ngazi za maktaba masikio yakiwaka moto, na haukuwa moto wa aibu.

Assunta Boffi, mwenye duka la mikate lililopakana na saluni yake, ndiye aliyemcheka waziwazi, kama rafiki anavyopaswa.

"Shoga, mambo madogo hayo! Andika umeshinda Tuzo ya Assunta Boffi."

"Tuzo ya nini hiyo?"

"Ya mwanamke aliyenidanganya kwa muda mrefu kuliko wote. Miaka kumi unaniambia asubuhi unafanya hesabu za duka, kumbe unaandika!"

Ni kweli. Kila siku, kabla ya kufungua saluni, Irja aliandika kwenye meza ya jikoni huku Reino, mumewe, akimenya viazi na kusikiliza. Reino alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno machache. Alikuwa hajui kusifu, lakini alijua kunyamaza pale panapostahili, na siku sura ya mwisho iliposomwa, alikiweka kisu chini. Miezi minne baadaye, barafu ya ziwa ilipasuka chini ya pikipiki yake ya theluji, akazama. Mswada ulilala kabatini majira mawili ya baridi, mpaka mjane alipoweza kufungua kabati lile.

Ndani ya kurasa zile zote hakuna mtu aliyezama. Hakuna hata mjane mmoja.

Sikukuu ya Shukrani ya Oktoba ilimleta Kaisa, bintiye wa pekee, kutoka Toronto alikofanya kazi katika kampuni ya matangazo. Walikula bata mzinga, wakala mkate wa iliki kwa kahawa, na Kaisa akaisoma ile barua ya kwenda kwa wakala akikunja uso.

"Mama, barua ni nzuri. Lakini huu wasifu! Umejitaja kama mtu anayeomba radhi kwa kukanyaga mguu wa mtu."

"Ndivyo nilivyo. Kizuri chajiuza."

"Hayo ya zamani. Siku hizi hata kizuri hutembezwa. Hebu nipe hiyo kompyuta nikusaidie kuambatisha, wewe utaituma kwa fundi bomba."

Irja alicheka, akampa, akatoka kwenda kuwasha moto wa sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke. Aliporudi na harufu ya kuni nguoni, alimkuta bintiye amesimama katikati ya jikoni, uso unang'aa. "Nimetuma! Kwa Maude Ferrier, yule wakala uliyempigia mstari kwenye orodha yako." Walikumbatiana. Mama hakuuliza zaidi. Nani humkagua mtoto aliyembeba mwenyewe?

Jibu lilifika Novemba, siku ya theluji ya kwanza. Irja alilisoma amesimama saluni, kitana mkononi.

*Bi. Salmela, ni nadra barua kunitoa machozi. Mke anayeandika ili amtoe mumewe chini ya barafu: hiki ni kitabu ambacho wasomaji watakipokea kwa mikono miwili. Naomba mswada wote.*

Mwanzo ilikuja furaha. Ilipanda kutoka miguuni, akataka kupiga ukuta amwite Assunta. Kisha macho yalirudi kwenye lile neno, *barafu*, na furaha ikashuka kwa njia ileile iliyopandia. Aliitafuta barua iliyotumwa. Chini, mahali pa sentensi zake mbili, alikuta hizi: *Irja Salmela alimpoteza mume wake kipenzi katika barafu ya Ziwa Superior. Kutokana na msiba huo aliandika riwaya hii, mbele ya dirisha linalotazama maji yaliyommeza.*

Dirisha lake lilitazama gereji ya jirani.

Alimpigia Kaisa palepale.

"Umemfanya nini baba yako?"

Kaisa alielewa mara moja. "Mama, tulia. Amejibu? Anataka kitabu?"

"Nimekuuliza swali."

"Ni kweli au si kweli kwamba Baba alifia ziwani?"

"Ni kweli."

"Ni kweli au si kweli kwamba umeandika riwaya?"

"Ni kweli."

"Basi uongo uko wapi?"

"Uko kwenye gundi, mwanangu. Umechukua kweli mbili zisizojuana ukazigandisha."

Kaisa alipojibu, sauti yake haikuwa tena ya mtu wa matangazo.

"Hata mimi nilifiwa, Mama. Kila mtu ananiambia hakufa bure, hakufa bure, na mimi naona alikufa bure kabisa. Nilitaka kifo chake kifae kitu."

Irja alikaa kwenye kiti cha wateja. Kwenye kioo alimwona mwanamke mwenye simu sikioni na macho yaliyojaa.

"Baba yako alifaa akiwa hai," alisema polepole. "Alifaa sana. Sasa amepumzika. Hatutamtafutia kazi."

Walilia pamoja, kila mmoja mjini kwake, kisha wakaagana bila kusameheana kwa maneno.

Ilibaki kazi ya kumjibu wakala, na hapo ndipo Irja alipojua kwamba kukasirika ni rahisi. Mlango ambao Desmond alisema hauna kitasa ulikuwa wazi, mwanga unamwagika nje. Hakutakiwa kudanganya. Alitakiwa kunyamaza tu. Atume mswada, aache machozi ya Maude Ferrier yafanye kazi yake. Nani angejua? Marehemu hashtaki. Na angepata wapi tena wakala wa kulilia barua yake? Alijitengenezea chai, ikapoa. Alifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Alijaribu kuwaza siku ya uzinduzi wa kitabu, watu wamejaa, wa kwanza anainua mkono kuuliza kuhusu ile ajali, na yeye anatabasamu kwa huzuni iliyofanyiwa mazoezi na kuanza kumzamisha Reino upya. Mji hadi mji. Kila jioni, shimo lilelile la barafu.

"Thubutu," alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake, akaketi kuandika.

*Bi. Ferrier, wasifu uliousoma uliandikwa na mtu anipendaye, lakini si wangu. Mume wangu alifariki kitabu kikiwa kimekwisha. Hayumo ndani yake, wala simuuzi. Mimi natengeneza nywele. Sina tuzo, sina shahada, sijachapishwa popote. Nimeandika kitabu. Nimekiambatisha. Ukikitupa sitalalamika, mradi ulichokitupa ni kitabu chenyewe.*

Alituma kabla mkono haujapata busara.

Jumamosi alipowasimulia wenzake, Desmond alishika kichwa. "Umejichongea, Irja! Umefunguliwa mlango, ukaubamiza!"

"Nimeugonga upya," alisema Irja. "Safari hii kwa mkono wangu."

Theluji ilipanda hadi kwenye vizingiti vya madirisha. Kwa wakala kulikuwa kimya, na Irja aliandika barua kwa mwingine, na mwingine, zote na aya ileile fupi chini yake. Mmoja alikataa kwa adabu. Mwingine hakujisumbua.

Kisha mchana mmoja, akiwa anamwosha nywele mama mmoja mzee aliyeitwa Lempi, simu iliita. Aliibana kati ya sikio na bega.

"Maude Ferrier hapa. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, Bi. Salmela, na hakuna aliyewahi kunirudishia machozi yangu."

"Hayakuwa yangu."

"Naona." Alivuta pumzi. "Lakini nipe msaada. Nikienda kwa wachapishaji wataniuliza wewe ni nani. Nitawaambia nini?"

"Umekisoma?"

"Nimeanza. Sura tatu."

"Basi kimalize," alisema Irja. "Ukimaliza, ukaona bado hunijui, nipigie uniambie. Nipo kila siku isipokuwa Jumatatu."

Lilikuja neno moja, "Sawa," na simu ikakatika. Ilikuwa sawa ya hasira au sawa ya kukubali? Neno lilikuwa fupi mno kupimika.

"Nani huyo umemjibu hivyo?" aliuliza Lempi kutoka kwenye sinki, povu likimteremka hadi kwenye nyusi.

"Mtu wa Toronto. Anasoma kitabu changu."

"Ulichonunua?"

"Nilichoandika."

Mama mzee alifumbua jicho moja. "Wewe? Na miaka yote hii umenishika kichwa, hukusema?"

"Hukuuliza."

"Basi nakuuliza. Kinahusu nini?"

Irja alifunga bomba. Tangu Reino aweke kisu chini, hakuwa amemsimulia mtu. Alichukua taulo, akamfunika yule mama kichwa, akavuta kiti na kuketi mbele yake.

"Kuna dada wawili," alisema, "wana hoteli porini, kando ya reli. Siku moja treni inapita bila kusimama."

"Mh," alisema Lempi, akijiweka sawa kitini. "Wakafanyaje?"