Kasuku Yupo

Kimya kingi hakina mshindo wowote. Waliosema kina mshindo mkuu hawakuwahi kukaa saa mbili asubuhi katika darasa la watoto wa miaka mitano, wakasubiri mmoja wao aitike jina lake. Kimya kile kilikuwa kimya tu, kama ukuta uliopakwa chokaa jana, na ndani yake mlikuwa na msichana mdogo aliyeketi mkekani, miguu ameikunja, macho yake kwenye vidole vya miguu.

Nyumbani walimwita Kasuku. Bibi yake, ndiye aliyemlea, aliapa kwamba mtoto huyo akianza kusema alfajiri hanyamazi mpaka usingizi umzibe mdomo. Husema na kuku, husema na sufuria, husema na mvua. Lakini akivuka mlango wa darasa, ulimi hubaki nje pamoja na viatu. Hakupigwa na mtu, hakuona jini, hakufikwa na mkasa. Ndivyo alivyo tu.

Aliyelitambua hilo mapema kuliko wote ni mlezi wa darasa, binti wa miaka ishirini na mitatu ambaye watoto walimbandika jina la Dada Vifungo. Kazi yake haikuwa kufundisha. Ilikuwa kila kitu kingine: kufuta makamasi, kufunga kamba za viatu, kumkimbiza chooni anayesema "imeshatoka", na kuamua kesi za penseli zilizoibiwa na mlalamikaji mwenyewe. Mfukoni mwa aproni yake kulikaa sindano, uzi na kopo la vifungo, maana watoto wa umri ule hung'oa vifungo vya mashati kama watu wanaochambua kunde.

Wiki ya pili ya muhula, siku moja kabla majina hayajaanza kuitwa, alimpa Kasuku kifungo kimoja cha buluu, kikubwa kama cha koti.

"Ukiitwa, kitumbukize humu koponi," alimnong'oneza. "Mimi nitasikia."

Kesho yake jina likaitwa, na kifungo kikaanguka: ti! Darasa zima likageuka.

"Kasuku ameitika kwa bati!" akapiga kelele mtoto mmoja mwenye pengo.

Wakacheka. Kasuku naye akacheka, bila sauti, kwa mabega tu.

Mwalimu wa darasa hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, na aliowafundisha kushika penseli walikuwa sasa wazazi, wakimwona njiani huvuka barabara kuja kumsalimia. Lakini alikuwa na sheria yake moja, aliyoirithi kwa mwalimu wake mwenyewe: asiyeitika hayupo. Usiposema "nipo", unawekewa alama nyekundu ya utoro daftarini, hata kama umekaa mbele yake unapiga chafya. Dawa hiyo, alisema, haijawahi kupita siku tatu bila kuponya.

"Ukimkubalia aitike kwa kopo leo, kesho ataomba maji kwa filimbi," alimwambia Dada Vifungo. "Mwache akwame kidogo. Ulimi utafunguka wenyewe."

"Na usipofunguka, Mwalimu?"

"Utafunguka. Wewe shona, mimi nifundishe."

Siku tatu zikapita, zikawa sita, zikawa kumi. Kila asubuhi kifungo kiliita ti, na kila asubuhi kalamu nyekundu ilishuka. Mwalimu alisahau jambo moja tu, kwa kuwa dawa yake haikuwahi kuchelewa hivyo: ofisi haioni watoto, inaona alama. Alama kumi mfululizo, karani hutuma barua nyumbani. Alama kumi na tano, jina hufutwa na nafasi hupewa mtoto mwingine, na waliokuwa wakisubiri nafasi walijaa ukurasa mzima.

Bibi alikuja na barua yake imekunjwa mara nne.

"Nimesomewa kwamba mjukuu wangu haji shule," alisema pale mlangoni. "Mimi ndiye ninayemleta. Namvua viatu mwenyewe. Sasa niambieni, wanangu, huyu ninayemleta kila siku ni mtoto wa nani?"

Mwalimu alicheka kidogo, ila uso ulimbadilika. "Tulia, Bibi. Aseme neno moja tu, nazifuta alama zote."

"Neno moja? Njoo kwangu nikupe magunia!"

Siku ya kumi na nne Mwalimu alilitamka jina la Kasuku polepole, kwa upole kabisa, akaweka kalamu chini, akangoja. Darasa zima likangoja naye. Kifungo hakikuanguka. Kilichosikika ni mtoto aliyeketi kando yake akisogea haraka, maana mkojo ulikuwa umelowesha mkeka. Kalamu nyekundu ikashuka mara ya kumi na nne.

Dada Vifungo alimchukua Kasuku hadi stoo, akamfuta, akamvisha gauni la akiba. Alikuwa amepiga magoti akimfunga kifungo cha shingoni pale aliposikia pumzi ya moto sikioni.

"Kesho nisije?"

Maneno mawili. Angeweza kukimbia nayo hadi darasani, akayatangaza, na ugomvi ungekwisha. Lakini alijua yatakayofuata: "Haya, rudia mbele ya wenzako." Neno la mtoto si kuku wa kuzungushwa sokoni. Akaliweka moyoni, akamjibu kwa sauti ileile ya chini, "Uje. Nani atanishikia kopo?"

Wakati wa mapumziko, watoto wakiwa uwanjani, alifungua daftari la mahudhurio juu ya meza ya Mwalimu. Akachukua kalamu ya buluu, akazikata alama nyekundu moja moja, zote kumi na nne, na kando ya kila moja akaweka alama ya vema na sahihi yake. Hakuharakisha. Mistari ilinyooka utadhani ameipigia rula.

Kabla kengele ya mwisho haijalia aliitwa ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa ameliweka daftari mbele yake, na Mwalimu wa darasa amekaa pembeni, mikono mapajani.

"Nani kachora humu?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya macho yangu, Mwalimu Mkuu." Akatoa chini ya kwapa daftari lingine, dogo, lenye jalada lililovalishwa gazeti. Lilikuwa la mazoezi, la Kasuku. "Naomba utazame tarehe."

Mwalimu mkuu akavaa miwani. Ukurasa wa kwanza, irabu tano. Ukurasa wa pili, kuku mwenye miguu mitatu. Chini ya kila kazi palikuwa na tarehe na neno "Vizuri", kwa wino mwekundu, kwa mwandiko ambao kila mtu mle ofisini aliufahamu. Akaweka kidole kwenye daftari hili, kingine kwenye lile. Tarehe zilikuwa zilezile. Kalamu ilikuwa ileile.

"Mwalimu," alisema taratibu, "huyu mtoro wako anaandika vizuri kuliko wengi waliopo."

Mwalimu alitazama kuku mwenye miguu mitatu kwa muda mrefu.

"Nilidhani ni dawa," alisema mwishoni. "Kwa wengine wote ilikuwa dawa."

"Mtoto anabaki. Nitamwambia karani sasa hivi." Mwalimu mkuu akafunga madaftari yote mawili, kisha akasogeza karatasi tupu na kalamu upande wa Dada Vifungo. "Ila daftari la mahudhurio halishikwi na kila mkono. Andika barua ya kuomba radhi, mistari miwili tu. Naiweka kwenye faili, yanaisha."

"Andika, mwanangu," Mwalimu akaongeza, na hakusema kwa kejeli. "Radhi haivunji mfupa."

Dada Vifungo aliitazama karatasi. Nje bibi alikuwa amefika, na sauti nyembamba ilikuwa tayari inamsimulia jambo refu sana kuhusu gauni la akiba, bila kituo, ikienda ikififia kuelekea getini.

Akairudisha kalamu mahali pake.

"Ukinihamishia jikoni kesho, Mwalimu Mkuu, nitakwenda, na sufuria nitazisugua zing'ae. Lakini mtoto alikuwepo siku zote kumi na nne, na mimi nimeandika kwamba alikuwepo. Radhi siombi."