Mche wa Noti ya Ishirini

Jumatatu moja mwishoni mwa masika, mwaka 1954, Theopista alikuwa akifagia uani kwake Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, akaona kuwa pale alipofukia noti yake ya shilingi ishirini pameota mche. Ulikuwa na majani kumi na mawili, na kila jani lilikuwa noti ya shilingi ishirini. Aliumwagia maji aliyooshea mchele, kisha akamaliza kufagia.

Noti ile aliifukia kwa sababu mlango wake haukuwa na kufuli. Alikuwa akidunduliza fedha ya cherehani, apumzike kukaanga vitumbua, maana moshi ulikuwa unamla macho. Cherehani ilikuwa dukani kwa Manubhai, shilingi mia mbili na arobaini, na Manubhai alikubali kumshikia hadi mwisho wa mwezi.

Alichuma majani mawili, akampelekea. Manubhai aliyanusa.

“Ya kweli, mama. Lakini mabichi. Halafu yote namba ileile. Nenda Posta kwa wenye noti zao. Wakikubali, mimi nani nikatae?”

Theopista aliung’oa mche na udongo wake, akautia kwenye debe, akajitwika, akakatiza Mnazi Mmoja. Waliopishana naye walikwepa matone ya tope.

Katika ofisi ya noti alipokelewa na karani Pantaleo, kijana wa rika la kitinda mimba wake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Noti yangu imezaa.”

Pantaleo alihesabu majani. “Hongera. Tatizo wote wamechukua namba ya mama yao.”

Alimwita mkubwa wake, Mwingereza aliyesema Kiswahili safi. Yule bwana alipapasa udongo.

“Fedha ya nchi hii haioti katika nchi hii,” alisema. “Inatoka London.”

“Huko London inaota wapi, bwana?”

Alijifuta udongo vidoleni. “Sijawahi kuuliza.”

Aliandika barua. Majibu yalikuja baada ya wiki saba. London ilieleza kuwa kila noti ya hapa lazima iwe na paundi zake zilizolazwa akiba kule, na mche huu haukulaza kitu. Mbegu ilikuwa mali ya ofisi, basi mche ubaki ofisini. Noti ya mwanzo ilikuwa imeoza zaidi ya nusu, hivyo hailipwi.

Cherehani ilikuwa imeshanunuliwa na fundi wa Msimbazi.

Mche ulianza kunyauka. Kuuacha ufe kungehitaji barua nyingine, kwa hiyo ofisi ilimwajiri Theopista aumwagilie, shilingi thelathini kwa mwezi. Ulistawi. Kila Ijumaa huchuma majani, Pantaleo huyahesabu, naye Theopista huyapeleka mwenyewe kwenye tanuri na kusimama karibu hadi yateketee, macho yakimtoka machozi kwa moshi.

Halafu getini hufungua pindo la kanga yake. Pantaleo hutazama kama kuna jani ndani, kwa kuwa ndiyo kazi yake, kisha humfungia tena fundo kwa mikono miwili.

“Salama, mama. Ijumaa njema.”

“Na wewe, mwanangu.”